Usiseme: Ni Ngozi Tu

Watu wetu wa Mutwanga huogopa homa, huogopa kuhara, huogopa kikohozi chenye damu. Lakini upele hawauogopi. Mtoto akijikuna usiku kucha, mama husema, "Ni ngozi tu." Mtu mzima akiwa na mabaka yenye magamba viwikoni na magotini kwa miaka kumi, huvaa shati la mikono mirefu, basi, shauri limekwisha. Mimi silikubali neno hilo. Ngozi na figo ni jirani, ingawa moja iko nje na nyingine imefichwa mgongoni. Mtu anayedharau ngozi yake leo aweza kufika siku moja mahali pa kutafuta figo ya mtu mwingine. Na hata akiipata, ngozi ile aliyoidharau itamfuata mpaka huko.

Kwanza tujue kazi ya figo. Kila mtu amepewa mbili, kila moja kadiri ya ngumi yake, chini ya mbavu upande wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, karibu milioni 1. Damu hupita humo mchana na usiku. Kwa siku moja figo huchuja maji yapata litre 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na litre 1 au 2 tu hutoka kama mkojo, pamoja na uchafu wa mwili. Kichujio chako cha kahawa kikitoboka, utakwenda sokoni kununua kingine. Kichujio cha figo kikifa, hakioti tena.

Sasa upele unaingiaje katika habari hii? Upele huletwa na kidudu kidogo ambacho jicho halikioni vema. Jike huchimba njia katika ngozi na kutaga mayai humo. Mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza hasikii kuwashwa upesi. Juma 4 hata 6 zaweza kupita, na muda huo wote anawaambukiza wengine wanaolala naye. Ndipo kujikuna kunaanza. Kucha hupasua ngozi, na katika mpasuko huo huingia mikrobi iitwayo streptokoki. Vidonda hutoa usaha na kufanya gaga la rangi ya asali. Mwili huona adui ameingia, huwatuma askari wake. Lakini katika vita hiyo mabaki ya mapigano huchukuliwa na damu, hunasa katika vichujio vya figo, navyo huvimba na kuwaka.

Haya hayatokei siku ile ile. Huja juma 3 mpaka 6 baadaye, mara nyingi wakati vidonda vimeanza kukauka na mama amekwisha kusahau. Asubuhi mtoto huamka macho yamevimba. Mkojo wake ni mchache, rangi yake kama chai ya rangi au kama maji ya nyama iliyooshwa. Kichwa kinamwuma, kwa sababu damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Hapo ndipo jirani hunong'ona kwamba mtoto amelishwa sumu, au amerogwa, na familia hupoteza siku tatu au nne ikimtafuta adui kijijini. Adui alikuwa katika blanketi.

Sikuandiki haya ili kukutisha. Watoto walio wengi hupona figo zao wakitunzwa vema. Lakini si wote, na watu wazima hupona kwa shida kuliko watoto. Katika Australia, kati ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile, ambao watoto wao huugua sana vidonda vya ngozi, waganga waliwafuata watu walioshikwa na ugonjwa huu utotoni, wakaona kwamba miaka mingi baadaye figo zao zilikuwa na dalili za ubovu kuliko za wenzao. Katika kisiwa cha Trinidad, mwaka 1971, upele ulienea sana, na ugonjwa wa figo ukaja nyuma yake. Basi jambo hili si la kubuniwa. Nasi hapa chini ya Ruwenzori tuna sababu ya kuliangalia, maana tangu mwaka 2014 watu wengi wa teritwari ya Beni wamekimbia mashamba yao kwa ajili ya mauaji. Wanalala wengi katika chumba kimoja, blanketi moja kwa watu wanne, na kidudu cha upele hakitaki zaidi ya hayo.

Si kila ugonjwa wa ngozi unaodhuru figo kwa njia hiyo. Kuna mwingine ambao ngozi ni mjumbe tu, na ugonjwa wenyewe uko ndani. Mfano wake ni lupusi, ambao huwashika zaidi wanawake wenye umri wa kuzaa. Katika ugonjwa huo askari wa mwili hugeuka na kupigana na mwili wao wenyewe. Uso huweza kufanya wekundu au weusi mashavuni, umbo kama la kipepeo aliyetua juu ya pua. Viungo huuma, nywele hukatika, jua huchoma. Na mara nyingi figo zinapigwa wakati huo huo bila maumivu yo yote. Mama mwenye dalili hizi akipewa mafuta ya kupaka tu na kurudishwa nyumbani, hajatunzwa. Lazima mkojo wake upimwe.

Kuna tena ugonjwa wa magamba, ambao waganga huuita soriasisi. Hauambukizi kabisa. Nasema tena, hauambukizi, kwa kuwa najua watu wanaonyimwa mkono wa salamu kanisani kwa ajili yake. Soma Walawi mlango wa 13 uone jinsi kuhani alivyoagizwa: alipokuwa na shaka hakuhukumu ngozi ya mtu kwa kuitazama mara moja, alingoja siku saba akatazama tena. Sisi twahukumu kutoka benchi la nyuma. Soriasisi ni moto usiozimika upesi, nao hauwaki katika ngozi peke yake. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa daftari za wagonjwa wa Uingereza na kuchapwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wenye soriasisi kali hupata ugonjwa wa figo zaidi kuliko watu wengine. Moyo na mishipa ya damu nayo huchakaa upesi kwao.

Wazee wetu wanalijua neno hili kwa habari ya ukoma. Wanamkumbuka Daktari Carl Becker wa Oicha, ambaye watu wenye ukoma walimwendea kwa maelfu, wengine kwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Ukoma nao huanza kwa baka moja lisilouma. Ukiachwa uwake miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na kwa wengine huharibu hata figo. Dawa ya ukoma siku hizi yapatikana bure, nao huisha. Lakini baka lile la kwanza lazima lionyeshwe.

Nimesema juu ya ugonjwa. Sasa niseme juu ya dawa, maana wengine wanaharibu figo zao kwa mkono wao wenyewe wakijaribu kutengeneza ngozi. Huko Nairobi waganga waliona ajabu: watu wazima wengi walikuja wamevimba mwili mzima, figo zao zikivujisha protini katika mkojo. Waliwauliza habari za maisha yao. Katika wagonjwa 60, watu 32 walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1972. Zebaki hupita katika ngozi, huingia katika damu, na damu huipeleka wapi? Katika vichujio. Leo mafuta na sabuni za namna hiyo zimekatazwa katika nchi nyingi, lakini biashara haina masikio. Ninyi akina dada mnaopaka ili mwe weupe kabla ya arusi, na ninyi mnaopaka ili kufuta alama za upele wa zamani, niwieni radhi, lakini siwezi kunyamaza. Mungu hakukosea rangi.

Tena kuna diklofenaki na vidonge vya jamii yake, ambavyo huuzwa dukani kama karanga. Mwenye soriasisi au lupusi ambaye viungo vyake vinamwuma huvimeza kila siku, bila kupimwa. Vinatuliza maumivu, ni kweli. Lakini vikitumiwa siku nyingi vyaweza kudhuru figo, hasa zile zilizokwisha kudhoofika.

Wengine wataniambia, "Lakini siku hizi figo yaweza kubadilishwa." Naam, yaweza. Nashukuru Mungu kwa hekima hiyo. Mwezi wa Novemba 2017 figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka 2023 hospitali ya Mulago, Kampala, ilifanya vivyo hivyo kwa mara ya kwanza katika Uganda, na Kampala si mbali sana na sisi tuvukao Kasindi kwa biashara. Lakini ni vema ujue jinsi kazi hii ilivyoanza, maana ilianza na ngozi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa Marekani jina lake Joseph Murray alikuwa akiwatengeneza askari walioungua. Alichukua ngozi ya mtu mwingine na kuibandika juu ya kidonda. Iliweza kushika kwa siku kadhaa, kisha mwili uliikataa na kuitupa. Akajiuliza kwa nini mwili unamtambua mgeni. Miaka ikapita. Mwaka 1954, mjini Boston, akaletewa kijana mmoja, Richard Herrick, ambaye figo zake zilikuwa zinakufa, naye alikuwa na pacha aliyefanana naye kabisa, Ronald. Kabla ya kugusa figo, waganga walikata kipande kidogo cha ngozi ya ndugu mmoja na kukibandika kwa mwingine. Kilishika. Ndipo walipojua ya kuwa mwili wa Richard hautamkataa Ronald. Tarehe 23 Desemba 1954 figo ikatolewa kwa ndugu mzima na kutiwa kwa ndugu mgonjwa, nayo ikafanya kazi. Richard akamwoa muuguzi aliyemtunza. (Sisi wauguzi twaipenda sana sehemu hiyo.) Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi mpaka mwaka 2010. Lakini Richard alikufa mwaka 1963. Ugonjwa ule ule ulioua figo zake za kwanza uliirudia figo ya ndugu yake.

Ulifikiri neno hilo? Figo ilikuwa mpya, lakini mwili ulikuwa wa zamani. Hapa ndipo ninapotaka wenye ugonjwa wa ngozi wa siku nyingi wasikilize vema.

Mtu asiye na pacha lazima ameze dawa za kuwatuliza askari wa mwili, kila siku, muda wote ambao figo mpya inafanya kazi. Askari wakitulizwa, figo haikataliwi. Lakini askari hao hao ndio walinzi wa ngozi. Kwa hiyo waganga, kabla ya kupasua, huitazama ngozi ya mgonjwa. Wakiona usaha au vidonda, husema, "Ngoja, tuponye hivi kwanza," maana kila kidonda ni mlango, na baada ya kupasua mlango huo hauna mlinzi. Na mwenye lupusi huambiwa angoje mpaka ugonjwa utulie.

Baada ya kupandikizwa, upele wenyewe hugeuka kuwa kitu kingine. Kwa mtu mwenye nguvu, vidudu vya upele ni wachache, pengine 10 au 15 mwili mzima. Kwa mtu ambaye askari wake wamelazwa, vyaweza kuwa maelfu, hata mamilioni, vikifanya magaga mazito mikononi na miguuni. Na ajabu ni kwamba pengine hasikii kuwashwa sana. Mtoto wa jirani akimletea upele mtu kama huyo, hali yake yaweza kuwa hatari.

Mwenye soriasisi ana jaribu la namna nyingine. Dawa moja ya kutunza figo mpya, iitwayo sikilosporini, ilionekana mwaka 1979 kwamba yatuliza soriasisi pia. Kwa hiyo mtu aliyepandikizwa aweza kuona magamba yake ya miaka 20 yanaisha, ngozi inakuwa laini kama ya mtoto. Anafurahi. Anasema, "Nimepona yote mawili." Ndipo anapoanza kupunguza vidonge, au kuviacha. Na akiacha, ngozi yaweza kuwaka upya, na jambo lililo baya zaidi, figo yaweza kukataliwa. Tena sikilosporini hiyo hiyo, iliyo rafiki wa ngozi na mlinzi wa figo mpya, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kuikausha figo ile ile. Kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, na kipimo cha dawa kiongezwe au kipunguzwe na mganga peke yake. Mitishamba ya ngozi nayo haifai kuongezwa hapo kwa siri. Mingine huzidisha nguvu ya dawa, mingine huiua.

Liko na neno la moyo. Watu wengi wenye figo ya kupandikizwa hufa figo yao ikiwa bado inafanya kazi. Kinachowaua zaidi ni moyo na mishipa ya damu. Mtu ambaye ngozi yake imewaka miaka mingi amekwisha kuchakaza mishipa yake kabla hajafika Kampala au India. Je, hii ina maana kwamba mwenye soriasisi asipandikizwe figo? La, sivyo. Wengi wamepandikizwa wakaishi vizuri. Lakini aende ngozi yake ikiwa imetunzwa, shinikizo la damu limepimwa, sigara imeachwa.

Sasa niseme na wazee wa kanisa na mashemasi, mniwie radhi. Tunajua kuchanga. Mkristo mmoja akipata ugonjwa wa figo, twatangaza ibadani, akina mama wanaimba, kikapu kinapita mara mbili, na watu maskini wanatoa fedha za kakao yao ili ndugu apelekwe mbali. Sisemi tusichange. Lakini Jumapili ile ile, katika chumba cha shule ya Jumapili, watoto thelathini wamebanana juu ya mabenchi na nusu yao wanajikuna. Hakuna kikapu kwa ajili yao. Bei ya dawa ya upele haiwezi hata kusimama karibu na bei ya safari ile, wala na bei ya mashine ya kusafisha damu, ambayo mgonjwa huhitaji mara 3 kwa juma, karibu saa 4 kila mara. Huko Fiji watu wa visiwani walipewa wote pamoja vidonge vya ivermektini, wenye upele na wasio nao. Kabla ya dawa, watu 32 katika 100 walikuwa na upele. Mwaka mmoja baadaye hawakufika 2 katika 100. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2015. Kanisa ambalo laweza kuwakusanya watu wote wa mtaa kwa ajili ya semina, laweza kuwakusanya kwa ajili ya dawa. Maoni yangu ni kwamba sehemu ya sadaka ya wagonjwa itengwe kila mwezi kwa dawa ya upele na sabuni, nayo isiguswe kwa jambo jingine. Sabuni ya mawese yatosha. Si lazima iwe yenye harufu ya maua.

Nawe mama, ukipewa dawa ya kupaka, usimpake mtoto mmoja ukawaacha wengine. Wote wa nyumba hupakwa siku moja, hata baba asiyejikuna. Pakeni kutoka shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, na sehemu za siri pia. Kwa mtoto mdogo na kwa mwenye mimba, muulize muuguzi kwanza, maana kipimo chao ni kingine. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani; kama hayawezi kufuliwa, yafungwe ndani ya mfuko kwa siku 3, vidudu vitakufa. Kuwashwa kwaweza kuendelea juma 2 au zaidi ingawa vidudu vimekwisha kufa, basi usipake kila siku kwa hasira, utaichoma ngozi. Lakini vidonda vyenye usaha vyahitaji dawa nyingine, navyo visingoje. Na ukiona macho yamevimba asubuhi au mkojo umegeuka rangi, njoo siku hiyo hiyo, ukilete na kikopo chenye mkojo wa asubuhi. Mwenye kupaka mafuta ya kununua na alete kopo lake pia, hata kama jina limefutika. Hatutamgombeza, twataka kusoma tu yaliyomo.